Safu ya Wasiokuwepo

Sehemu ya tisa

Mpima ardhi aliuliza swali moja tu: ni nani aliyeandika majina haya? Hapo ndipo nilipowaacha, na najua wapo waliokasirika. Msomaji mmoja amenitumia ujumbe akisema nina roho mbaya. Haya, rudini nami Ruharo, mjini Mbarara, kwenye chumba kile cha ghorofani chenye meza moja na ramani kubwa kuliko meza yenyewe.

Upande mmoja wa meza alisimama Bwana Byamukama, mpima ardhi. Upande wa pili walikuwa wawili waliotoka Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, asubuhi hiyo ya Jumanne. Mmoja alikuwa Marcienne, au Mama Élyse kama majirani wamwitavyo, Mrundi, muuza unga wa muhogo na katibu wa komite ya mtaa. Wa pili alikuwa Kalume, fundi seremala kutoka Uvira, mwenyekiti wa komite hiyohiyo. Walikuja kuiona plani ya mtaa wao wa Misiera kabla haijatiwa saini siku ya Alhamisi. Plani hiyo waliichora wenyewe na majirani zao, kwa majivu na kamba, chini uwanjani: bomba liwe wapi, mtaro upite wapi, soko liishie wapi.

Sasa ilikuwa mbele yao, imechapwa vizuri kwa rangi. Bomba lilikuwepo. Mtaro ulikuwepo. Safu ya chini, safu yao wenyewe yenye nyumba arobaini na moja, haikuwepo. Mahali pake palikuwa na uwanja mkubwa wa kuegesha malori yanayotoka Kikagate, mpakani na Tanzania.

"Nyabo, mama, mimi nauliza mara ya pili," Byamukama alisema. "Nani aliandika hii majina?"

Marcienne alifungua mdomo, lakini Kalume alimtangulia.

"Ni komite. Tuliandika sisi bote. Kama munatafuta mutu wa kufunga, mufunge miye, ni miye prezida."

Byamukama alicheka. Alisema hapa hafungwi mtu, na kama ni kufunga basi angeanza na wafanyakazi wake wanaochelewa kazini. Kisha akawageuzia karatasi. Majina arobaini ya safu ya chini yalipelekwa kulinganishwa na daftari la wakimbizi. Hata moja halikuonekana. Wengine hawajawahi kukanyaga Uganda, na wengine, yeye alivyoona, huenda hawakuwa tena duniani.

"Kompyuta inasema hii watu hakuna," alisema. "Kama mutu hakuna, kiwanja iko bure. Sasa mimi nafanya nini? Naweka malori."

Kalume aliinama juu ya ramani. Katikati ya uwanja wa malori aliona kijisanduku kimoja kidogo, nyumba iliyobaki peke yake, malori yameizunguka kila upande. Aliweka kidole juu yake akauliza ni ya nani.

"Hiyo ya mukaikuru moja, bibi muzee, Adélaïde. Huyo peke yake iko kwa daftari. Tutamupa nyumba ingine karibu na kanisa."

Marcienne alijua kwa nini Adélaïde peke yake yupo. Alijua kupita mtu yeyote katika chumba kile.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale mnaojiunga nami njiani leo. Miezi mitatu iliyopita, baada ya kuchora kwa majivu, kila safu ilipewa karatasi ya kujaza. Juu yake paliandikwa: "Watakaokaa hapa miaka kumi na tano ijayo." Aliyetunga maneno hayo alidhani ameuliza jambo jepesi. Kwa mtu mwenye kwao ni jepesi kweli.

Lakini mpelekee karatasi hiyo mtu aliyengoja miaka kumi na moja simu ya kumwambia njoo uhojiwe, unakwenda Kanada. Akiandika jina lake pale, kesho si bwana mmoja atafungua dosiye yake, lile faili la kuhamishiwa ng'ambo, aone ameshapanga mahali pa kujenga jiko? Atasema huyu ametulia, huyu haendi popote, na atafunga. Hakuna aliyewaambia kwamba itakuwa hivyo. Hakuna pia aliyewaambia kwamba haitakuwa.

Basi safu ya chini ikaandikisha watu wengine. Huyu alimtoa mume aliyekufa zamani, yule mama mkwe aliyebaki Rumonge, mwingine binamu aliyeko kambi ya Nyarugusu. Wazo hilo lilikuwa la Marcienne. Ndiye aliyewanong'oneza nyumba kwa nyumba, na ndiye aliyeandika yote kwa ule mwandiko wake mzuri uliosifiwa na parokia nzima.

Adélaïde tu ndiye aliyekataa. Bibi huyo wa Fizi, mwenye miaka sabini na kitu, alisema amekimbia mara tatu na magoti yamegoma kukimbia mara ya nne. Majirani walimcheka, wakamwachia jina lake. Hakuna aliyejisumbua kumwambia wenzake waliandikisha akina nani.

Turudi mezani. Byamukama hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo hata kama wengine wenu mmeshaanza kumchukia. Aliwakalisha, akawaeleza mlango uliobaki wazi. Plani inaweza kufunguliwa upya iwapo mkaazi mmoja wa safu ile, aliyemo daftarini, atakataa kuhamishwa. Akikataa, sheria inamlazimu yeye Byamukama kurudi Misiera kuhesabu nyumba moja moja, kila mtu asimame mlangoni na karatasi yake ya familia na jina lake la kweli. Akikubali, akiweka kidole gumba, basi imekwisha.

Na mkaazi wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Msaidizi wa Byamukama angempelekea karatasi kesho yake, Jumatano.

Kalume alipumua kwa nguvu. Kama ni Adélaïde, alisema, basi hapana shida, ule mama hata bamukokote na kamba hatoki. Byamukama alikubali kwa kichwa, ila akaongeza jambo moja. Nyumba zikihesabiwa upya, wakubwa watauliza haya majina ya kwanza yalitoka wapi. Kwa hiyo aliyeandika lazima aeleze kwa maandishi, aweke na saini.

Marcienne aliuliza maelezo hayo yatakwenda wapi.

"Kwa file yako, nyabo," Byamukama alisema. "Yaende wapi ingine?"

Safari ya kurudi sitaisimulia. Ilikuwa ndefu, ilikuwa na vumbi, na Kalume alizungumza njia nzima kwa ajili ya watu wawili. Walifika Misiera saa kumi jioni, na mbele ya nyumba yake, kabla Kalume hajaaga, Marcienne akamwambia yote: wazo lilikuwa lake, mwandiko wake, na majina arobaini ni ya uongo kwa sababu yeye aliwashawishi watu.

Alingoja kutukanwa. Kalume alivuta gunia la unga akakaa juu yake, jambo ambalo siku nyingine lisingeruhusiwa.

"Miye niliandikisha Gradi," alisema.

Marcienne alilikumbuka jina hilo. Alidhani Gradi ni mwanawe mkubwa aliyeko Kampala.

"Gradi ni mudogo wangu. Alikufa kwa njia ya kuenda Baraka, sisi tukikimbia. Na hata miye nangojea Australie, Mama Élyse. Niliogopa sana. Leo nikaenda kule Mbarara kujifanya mukubwa, kumbe na miye siko kwa ile plani."

Walitazamana, mwenyekiti na katibu wa mtaa, wote wawili hawapo katika mtaa wao. Ingekuwa siku nyingine wangecheka. Marcienne alikaa chini palepale mlangoni.

Pazia likafunguka nyuma yake. Alikuwa Élyse, binti yake wa pekee, miaka kumi na tisa, na hakukuwa na haja ya kumuuliza kama amesikia.

"Na dosiye yetu?" Élyse aliuliza.

Mama yake alijibu kwamba ataandika maelezo yale na atatia saini.

"Mama, wanatuhoji mwezi ujao. Mwezi ujao. Nilikuja hapa nina miaka nane. Akina Yvette wameondoka, akina Doriane wameondoka, mimi nabaki nikiwasindikiza. Sasa tumeitwa, na wewe unataka kuandika kwa mkono wako kwamba ulidanganya?"

"Na malori yakija tutangojea wapi huo mwezi?"

"Hata barabarani. Mwezi mmoja si kitu."

Marcienne alimwambia kuna nyumba arobaini nyingine, na nyingi katika hizo hazijaitwa popote na huenda hazitaitwa. Watoto wa watu watalala nje kwa sababu ya kalamu yake. Hakusema kwa ukali. Aliomba, kweli aliomba, kama mtu anayemwomba mkubwa wake. Élyse alimsikiliza hadi mwisho, akachukua jerikani, akaenda bombani bila kujibu. Mama mtu alichukulia kwamba ameelewa.

Jumatano asubuhi, safu ya chini ilikutana kwenye banda la mashine ya kusaga. Mwenye mashine, naye wa safu hiyohiyo, alizima injini ili watu wasikie. Zilikuja nyumba thelathini na nane, na kati ya tatu zilizobaki, mbili zilituma ujumbe kwamba zitafuata watakaloamua wengi. Ya tatu ilikuwa ya Adélaïde. Yeye hakuitwa. Walionelea hakuna haja ya kumchosha bibi wa watu, kwani msimamo wake ulijulikana kitambo, wangempitia baadaye wamwambie tu habari njema.

Hata hivyo Marcienne alitaka kuwa na hakika. Kabla ya mkutano alimtuma Élyse kwa Adélaïde na kazi moja, akairudia mara mbili: kaa naye, na msaidizi wa mpima ardhi akija, mwambie Koko, bibi yetu, asiweke kidole mahali popote mpaka sisi tufike. Élyse alijifunga kitenge, akaenda.

Marcienne alisimama mbele ya mashine, nguo imeshika unga begani, akaeleza. Alieleza uwanja wa malori. Alieleza majina. Alisema yeye ndiye aliyewapotosha na hakujitafutia udhuru wowote.

Wakasema wote kwa pamoja. Mama mmoja alimwita muuaji. Mwingine aliuliza kwa nini wamsikilize leo, kama siku ile aliwapeleka shimoni. Kalume alipiga makofi kutuliza watu, hawakutulia, akapiga pipa kwa nyundo wakatulia.

Régis alinyoosha mkono. Huyu ni fundi redio, kijana wa Kirundo mwenye maneno machache, na watu humwogopa kwa sababu hiyo.

"Ulituambia tudanganye, tukadanganya," alisema. "Leo unatuambia tuseme kweli. Siku gani ulikuwa na akili, Mama Élyse?"

"Siku ile sikuwa nayo," Marcienne alisema.

"Na leo unajuaje kama unayo? Nikitoa jina langu, nikasema nitakaa hapa miaka kumi na tano, nani ananiambia sitakaa kweli? Mke wangu yuko na presha. Mimi sitaki kuzeekea hapa."

Machozi yalimtoka Marcienne mbele ya watu wote. Alisema hajui. Hakuna aliyempa ahadi yoyote, wala Mbarara wala Nakivale. Anachojua ni kwamba mtu anayengoja naye anahitaji mlango wa kufunga, mahali pa kuinjika sufuria, na choo. Hilo tu. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe ameitwa kuhojiwa mwezi ujao na maelezo yake yataingia katika dosiye yake, na kwamba ataandika hivyohivyo.

Hilo hawakulijua. Régis alishusha mkono.

Ndipo Mzee Aloys akainuka. Mzee Aloys ni jirani wa Marcienne ukuta kwa ukuta, mwembamba, mkulima wa maharage, mtu asiyesema mkutanoni. Siku ile ya majina alimwandikisha mkewe, Kanyange, aliyefariki mwaka juzi na kuzikwa nyuma ya jiko lao.

"Mimi msinitie katika waongo," alisema. "Mliniuliza nani atakaa hapa miaka kumi na tano. Nikafikiri. Watoto wangu wataondoka, mimi labda nitakufa, labda nitarudi kwetu. Nikasema Kanyange. Huyo ndiye haendi popote."

Alinyoosha mkono kuelekea nyumbani kwake.

"Sasa wanataka kumwegeshea malori juu. Andika jina langu, mwanangu. Uliandike chini ya lake."

Marcienne alifungua daftari jipya, akaandika Kanyange, na chini yake akaandika Aloys. Mzee aliomba aoneshwe. Hakujua kusoma, lakini alilitazama kwa muda mrefu.

Baada ya hapo walianza kuja mmoja mmoja. Mama aliyemwita Marcienne muuaji alikuja wa tatu, akataja jina lake kwa sauti kubwa kana kwamba anagombana nalo. Mwenye mashine alikuja. Kalume alikuja, akatoa na karatasi ya familia kabla hajaulizwa. Régis alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alichukua kalamu mkononi mwa Marcienne akaandika mwenyewe, jina lake na la mkewe, akasema kama watabaki hapa kwa sababu ya karatasi hii basi atakuwa anakuja kula kwa Marcienne kila siku. Watu wakacheka, na mimi niliyewaambia katika sehemu ya kwanza kwamba hadithi hii ni ya majonzi nakiri kwamba nilifurahi pamoja nao.

Jina la mwisho lilikuwa la Marcienne. Aliandika lake na la Élyse. Kisha akachana karatasi nyingine na hapohapo, mbele ya watu, akaandika maelezo yake: mimi ndiye niliyetoa wazo, mimi ndiye niliyeandika, wenzangu waliniamini. Akatia saini. Miaka kumi na moja ya kungoja aliikunja mara nne akampa Kalume aiweke mfukoni.

Saa sita mchana walitoka kwenye banda kwa furaha. Majina yalikuwa tayari, karatasi za familia zilikuwa tayari, kilichobaki ni bibi mmoja kusema hapana, na huyo alikuwa ameshasema hapana tangu miezi mitatu iliyopita. Walikwenda wote kwa miguu, nyumba thelathini na nane, kelele tele. Mtu alishaanza kusema bomba lisogezwe karibu zaidi na nyumba ya Adélaïde, kwa heshima.

Njiani walipishana na pikipiki. Aliyeiendesha alikuwa kijana wa shati jeupe, mkoba umening'inia kifuani, msaidizi wa mpima ardhi. Alipiga honi na kuwapungia mkono. Kalume naye alimpungia, akasema, muliona, amekimbizwa na ule mama.

Adélaïde alikuwa amekaa mlangoni kwake. Sufuria zake mbili zilikuwa ndani ya beseni, na juu ya sufuria kulikuwa na blanketi lililokunjwa na picha ya Mama Maria iliyotolewa ukutani. Élyse alisimama nyuma yake, ndani, gizani kidogo.

Kelele zilipungua, zikaisha. Marcienne alisogea, akachuchumaa mbele ya bibi.

"Koko, hivi vyombo vinakwenda wapi?"

"Karibu na kanisa," Adélaïde alisema. "Ule kijana anasema nyumba iko na simenti chini."

Kisha akaonesha kidole gumba. Kilikuwa cheusi kwa wino.

Kalume hakuuliza zaidi. Aligeuka akakimbia kurudi barabarani, na Régis nyuma yake, lakini pikipiki ilikuwa imeshapanda kilima na vumbi lake lilikuwa limeshatua.

"Koko," Marcienne alisema, "ulisema hutoki hapa. Wewe peke yako ulikataa. Sisi sote tulikuwa tunakutegemea."

Adélaïde alimtazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa na hasira. Alimwonea huruma.

"Nilikataa wakati nilifikiri muko," alisema. "Leo nikauliza ule kijana, na bengine ni banani tutabaki nabo? Basi banisomea majina kwa karatasi yake. Majina mingi. Sikujua hata mumoja. Nikajua munaenda bote, na hii fasi, hii safu yetu, inajaa bageni. Miye nilikimbia mara tatu, mwanangu, na kila mara nilikimbia na batu. Sijabakiaka peke yangu. Nibakie na nani?"

Mzee Aloys alivua kofia. Yule mama aliyemwita Marcienne muuaji alianza kulia kwa sauti, na wengine wakatazama chini, maana kila mmoja alikuwa amemcheka bibi huyu na hakuna aliyekumbuka kumwita asubuhi ile.

Msaidizi alikuwa amemwachia Adélaïde nakala. Ilikuwa chini ya blanketi, na Marcienne aliichukua akaisoma akiwa amechuchumaa vilevile. Mkaazi amekubali kuhama kwa hiari yake. Chini yake palikuwa na alama nyeusi ya kidole. Na chini ya kidole, mahali pa shahidi, palikuwa na jina lililoandikwa kwa mwandiko mzuri, wa herufi zilizolala upande mmoja, mwandiko ambao Marcienne mwenyewe alimfundisha mtu mmoja tu.

Aliinua macho. Élyse alikuwa ametoka gizani, amesimama kizingitini mikono imeshuka, na hakuwa akilia.

"Nilikutuma kumwambia asiweke kidole," Marcienne alisema.

"Sikumdanganya, mama," Élyse alijibu. "Nilimsomea tu majina uliyoandika wewe."